Ulimi wa Odeta

Mtaani Igoma ilikwisha kuamuliwa, bila kumshirikisha mwenyewe, kwamba Odeta Mayala ana mimba. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane wa mwaka wa tisa, na shahada yake ya jiolojia ilining'inia sebuleni kila mgeni aione. Mambo hayo yote hayakumsaidia kitu. Watu walimwona kwa macho yao akiokota vijiwe, akivifuta kwa khanga na kuvilamba, na mwanamke anayelamba udongo kila mtu anajua ana nini.

Kumbe mwenzao alikuwa kazini. Kituo cha utafiti kule Kiseke kilikuwa na mwaka wa pili tu tangu kianze kusaka mifupa ya kale ya ukanda wa ziwa, na mashine ya kupimia hakikuwa nayo. Kilikuwa na ulimi wa Odeta. Mfupa uliogeuka jiwe una vitundu visivyoonekana. Unafyonza mate na kung'ang'ania ulimi, wakati jiwe la kawaida linateleza. Udongo nao unang'ang'ania, ila baada ya muda unayeyuka na kukuachia tope mdomoni. Sayansi ndiyo hiyo, na haina heshima hata kidogo ukiitazama kutoka dirishani kwa jirani.

Kwa ulimi huo Odeta alipata mifupa saba. Kila mmoja uliwekwa kwenye boksi lenye kibandiko, na kila kibandiko kiliandikwa "Mkusanyaji: Dk. Pius". Dk. Pius, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye koti la mifuko kumi na mmoja, hakuwahi kutoka na kitu porini isipokuwa kupe. Odeta aliumia sana, mpaka siku moja akavunja kikombe cha ofisi kwa makusudi. Ijumaa mgeni rasmi angekuja kutazama mifupa, kisha maboksi yangepelekwa Dar es Salaam yakakae huko moja kwa moja. Alitaka boksi moja tu liende na jina lake.

"Mama Odeta, ukileta mfupa mwingine kabla ya Ijumaa nitaandika jina lako," alisema Dk. Pius bila kuinua macho kwenye simu. "Na chai iwe na tangawizi."

Jumatano hakupata kitu. Alhamisi alilamba korongo zima, akarudi nyumbani midomo ikiwa ya kijivu, jambo ambalo mtaani halikumsafisha jina. Mlangoni alimkuta jirani yake, Tereza Shimba, mkunga mstaafu, ameketi na kapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, usisimame sana." Tereza alifunua kapu lililojaa mabonge ya udongo. "Acha kulamba vya barabarani, kuna mbwa. Huu nimeutoa kwetu Magu, pale walipochimba mama zetu walipokuwa na hali kama yako. Nimeuchimba mwenyewe, na mgongo wangu huu. Baba yake sikuulizi."

"Mama, mimi sina mimba."

"Wote huanza hivyo."

Odeta aliona kubishana na mkunga ni kujichosha. Kwa adabu akachukua bonge moja, akalilamba. Likashika, likayeyuka. Lilikuwa tamu, kusema kweli. La pili hivyohivyo. La tatu lilikuwa zito. Likashika, na halikuyeyuka. Akasubiri. Akalivuta, ulimi ukaja nalo. Furaha ilimjaa, machozi yakamtiririka, na bonge bado linaning'inia.

"Mapacha," alisema Tereza kwa uhakika.

Ijumaa Dk. Pius alisimama mbele ya mgeni rasmi, mama mmoja mwenye miwani na haraka zake, akafunua kwa mbwembwe jiwe kubwa aliloliokota mwenyewe, kwa mara ya kwanza. "Taya la mamba wa kale!" Mfupa wa Odeta alikuwa ameusukuma nyuma ya chupa ya chai, hauna hata kibandiko.

"Nitajuaje kama ni mfupa kweli?" aliuliza mgeni rasmi.

"Unalambwa, mheshimiwa," alijibu Odeta kutoka alikokuwa akipanga vikombe vya chai.

Watu walicheka. Mgeni rasmi hakucheka. "Basi lamba, daktari."

Dk. Pius akalamba taya la mamba. Likateleza. Akalamba upande wa pili, akarudia kwa juhudi mpaka jiwe likang'aa. Odeta akamletea mfupa wake juu ya kisahani. Alipoulamba ukamshika ulimi barabara, akabaki anapepesa macho, hawezi kutoa hotuba wala kuomba msaada.

Nyuma ya chumba Tereza alinyanyuka. Alikuwa amekuja na kitenge cha kubebea mtoto, akiamini hafla ni ya Odeta. "Mayo, mama yangu! Na huyu naye?"

Mgeni rasmi alilazimika kuketi kwa kicheko. Alipopata pumzi, akampa Odeta kalamu na kibandiko kitupu. "Andika jina la mkusanyaji."

Odeta aliishika kalamu aliyoisubiri karibu miaka miwili, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Kisha akamwona Tereza, ameegemea ukuta, mkono mmoja kiunoni akiukanda ule mgongo. Aibu ikamshika. Akakichana kibandiko, akaomba kingine, na hivi ndivyo boksi lilivyokwenda Dar es Salaam:

"Aliyeuchimba: Tereza Shimba. Aliyeulamba: Odeta Mayala."