Vitambaa Juu ya Ghorofa

Mektilda, mnunuzi wa vitambaa, alipotangaza kwamba hakuna kitambaa kitakachonunuliwa tena kabla sampuli yake haijafuliwa na kuanikwa juani, mafundi waliangua kicheko. Kufua kitu ambacho hujakinunua! Makubwa haya. Lakini Mzee Shomari, mwenye kile kiwanda cha sare za shule pale Mchafukoge, hakucheka hata kidogo. Msimu uliopita sketi za bluu zilirudishwa zimepauka vibaya, na mkuu wa shule alishasema wazi kwamba zikichuja tena, anahama. Na shule ile ikihama, nusu ya cherehani zinafunikwa.

Ugonjwa wenyewe kila mtu aliujua, ila nani aseme? Vitambaa vilinunuliwa kwa undugu. Huyu anaenda kwa shemeji yake, yule kwa mtu wa kwao. Na muuzaji mkubwa kuliko wote alikuwa Severine mwenye duka la jumla Kariakoo, kaka yake Mektilda, tumbo moja kabisa. Ndiye aliyemleta mjini kutoka Rombo, ndiye aliyemtafutia hiyo kazi ya ununuzi. Haya, hapo sasa!

Mektilda akawaambia wauzaji wote, kaka yake akiwemo, walete kila mmoja kipande. Kila kipande kikatiwa uzi wa rangi yake pembeni, na ni yeye peke yake aliyejua uzi upi wa nani. Mafundi wangechagua kwa macho yao, bila kujua jina. Vipande vikafuliwa, vikaanikwa juu ya ghorofa, vikaachiwa jua la Dar es Salaam lifanye kazi yake.

Siku ya kuchagua alipanda juu kabla ya wenzake. Loo! Kitambaa cha Severine kilikuwa kimechuja hadi alama ya kamba inaonekana. Cha pembeni yake, cha muuzaji mwingine, bado kinang'aa.

Sindano alikuwa nayo, kaichomeka kwenye kola. Kubadilisha nyuzi mbili ni kazi ya kufumba na kufumbua, na nani angejua? Aliwaza Krismasi, ukoo mzima umejaa uani Rombo, na yeye anaingia getini akiwa amemnyima kaka yake riziki. Mkono ukaenda kwenye kola. Kisha akawaza watoto wale na sketi zao zilizopauka, akajionea aibu kweli kweli. Akashusha mkono, akamwita fundi mmoja kule chini kwa sauti: "Candida! Pandeni mchague!"

Mafundi wakakikataa kipande cha Severine, naye alipopata habari akaja kiwandani amefura kwa hasira. "We mtoto! Si mimi niliyekuingiza hapa?"

"Ni wewe, kaka. Ulinileta nifanye kazi."

"Kazi ya kunikatalia mzigo mimi?"

"Mzigo mbovu, kaka. Lete mzuri, nitaununua."

Akaondoka bila kuaga. Jioni mama yao akapiga simu kutoka Rombo, akalalamika mpaka salio likaisha. Mektilda alilia, si uongo. Lakini sketi za msimu ule hazikurudi hata moja, na mkuu wa shule akaongeza oda ya mashati. Mzee Shomari akawa anamtambulisha kwa kila mgeni: "Huyu ndiye mnunuzi wangu," huku akitabasamu.

Severine naye hakukaa bure. Aliachana na wakala wake wa zamani, akatafuta kitambaa kingine, akatuma kipande Mchafukoge bila hata salamu. Kikafuliwa, kikaanikwa, kikasimama imara. Mektilda akaenda Kariakoo mwenyewe kuagiza.

Duka lilikuwa limejaa. Akiwa bado mlangoni, nyuma ya wateja, alimsikia kaka yake akipigapiga jora la bluu mbele ya mama mmoja wa Magomeni.

"Mama, hiki kimepita kwa yule mnunuzi wa Mchafukoge! Yule anafua, anaanika, hana masihara. Mimi hapa ni kaka yake, na mzigo wangu wa kwanza aliukataa!"

"Kaka yake kabisa?"

"Tumbo moja!" Severine akajipiga kifua. "Nikufungie majora mangapi?"