Migomba Haina Neno

Alhamisi ile, kijijini Chome, kulikuwa na mvua ya kuchosha, ile isiyonyesha sana wala kukatika. Careen alikuwa amechuchumaa chini ya mgomba, akiponda vipande vya jani ndani ya kinu kidogo cha kauri. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nyuma yake alisimama mzee Tumainieli, mwenye shamba, mwavuli mkononi, akiukinga mkoba wa vifaa na kukiacha kichwa chake kilowe.

"Kwa hiyo mtambo wenyewe ndio huo?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Mbona kama kile kifaa cha kupimia sukari cha mke wangu, mama Raheli?"

"Ni ndugu yake, baba."

Mzee akacheka. Careen naye akatabasamu kidogo, akainamia kazi yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Chuoni Morogoro wenzake walimwita Bi. Ndiyo, kwa sababu hilo ndilo jibu alilokuwa nalo karibu kila wakati, hata pale moyo ulipokataa.

Mtambo ulikuwa boksi dogo lililounganishwa na simu yake, na vikadi vyembamba vilivyochorwa mistari mitatu ya wino wa kaboni. Ukidondoshea kikadi maji ya jani yaliyochujwa, boksi hupitisha umeme mdogo sana, unaoongezeka hatua kwa hatua. Kama kwenye maji yale mna sumu inayotolewa na kuvu wa mnyauko, umeme ukifika kiwango fulani mkondo hupanda ghafla, na kwenye kioo cha simu mstari huinuka kama kilima, kisha hushuka. Kama hakuna sumu, hakuna kilima. Kuvu huyo huweza kukaa mizizini miezi mingi kabla jani halijageuka njano, lakini sumu yake hupanda mapema pamoja na maji ya mti. Ndiyo maana Careen alikuwa amekata majani mabichi, yale mazuri kuliko yote.

Na migomba ya mzee Tumainieli ilikuwa mizuri. Kijiji kizima kilijua. Maporomoko ya Aprili yalipofagia migomba ya kaya kumi na moja upande wa bondeni, yeye, mzee wa kanisa, alisimama akasema atatoa machipukizi bure. Jumatano iliyofuata ungeitishwa msaragambo, ile siku ambayo watu wote hutoka na majembe kufanya kazi moja. Wangeng'oa machipukizi na kuyapanda bondeni kwa siku moja. Ila kwanza shamba lipimwe. Machipukizi yakiwa safi, kaya kumi na moja zingekula mwakani. Yakiwa na kuvu, yangemhamishia kwenye udongo wa mashamba kumi na moja, na kuvu huyo akishaingia udongoni hatoki; watoto wanazaliwa na kuzeeka yeye yumo.

Kikadi cha kwanza kilionyesha kilima. Lakini mstari ulikuwa umepinda, ukitetemeka kwa baridi na unyevu. Akapima jani jingine. Kilima tena, kifupi. Hakuliamini hilo pia, au hakutaka kuliamini. Utaratibu ulikuwa wazi: kipimo cha shambani hurudiwa mara tatu ofisini Same, kwenye chumba kikavu, ndipo kitamkwe. Akafunga majani kwenye mifuko, akaandika namba, akasimama.

Mzee Tumainieli alimtazama matope yaliyompanda hadi magotini. Alizungumza Kiswahili cha taratibu, cha heshima, kwa sababu alijua binti wa Hedaru, kule chini barabarani, hakukisikia vizuri Chasu, Kipare cha mlimani.

"Mwanangu, migomba yangu imekutesa leo. Mvua, matope, hata chai hujanywa."

"Haina neno, baba."

Mzee aliinua macho kwenye migomba. "Haina neno?"

"Haina neno kabisa."

Uso wa mzee ukafunguka. Akavua kofia, matone yakamtiririka kwenye paji la uso. "Bwana asifiwe," akasema. "Bwana asifiwe, mwanangu."

Careen alidhani anashukuriwa kwa uvumilivu. Akashuka kwenda kungoja gari akiwa amefurahi kidogo, kama mtu aliyesifiwa na baba wa mwenzake.

Ijumaa, Same, upepo ukirusha vumbi kwenye vioo vya dirisha, alipima vikadi vitatu. Vilima vitatu vilisimama, vilivyonyooka, virefu. Akapima maji matupu ili kukihakiki kifaa: mstari ukalala. Akarudi kwenye jani: kilima.

Alimpelekea mkuu wake, Bwana Wilbard, karatasi za majibu. Wilbard alizitazama juu ya miwani.

"Maskini mzee wa watu," alisema. "Barua itakwenda kwa mtendaji wa kijiji Jumatatu. Msaragambo si Jumatano?"

"Ndiyo. Ila… nilifikiri labda nimpigie."

"Umpigie umwambie nini, majibu hayajasainiwa? Subiri barua, Careen."

"Ndiyo."

Hata hivyo alipiga, amesimama uani, simu imegusana na shavu. Mteja hakupatikana. Alipiga mara moja tu. Alipoishusha simu alihisi mzigo umemtoka mabegani, na nafuu hiyo ndiyo iliyokuja kumuuma baadaye kuliko kitu kingine chochote. Aliandika ujumbe, akaufuta. Habari ya namna ile mtu mzima haandikiwi kwenye simu.

Jumamosi jioni alikuwa akichambua mchele simu ilipoita. Alikuwa Blandina, mama Jenifer, mjane ambaye shamba lake bondeni lilikuwa limebaki kovu jekundu la udongo. Alikuwa amemkaribisha Careen makande mara mbili.

"Mwanangu, hongera! Tumemaliza!"

"Mmemaliza nini, mama?"

"Kupanda! Mzee aliona udongo umelainika kwa mvua, akasema Jumatano mbali, msaragambo uwe leo. Mimi nimepata manne. Manne! Alipita nyumba kwa nyumba tangu Alhamisi akitangaza: binti wa vipimo amesema migomba haina neno."

Mchele ulikuwa unamponyoka Careen katikati ya vidole.

"Haloo? Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Basi Mungu akubariki. Salimia Same."

Alikaa na ungo mapajani. *Migomba haina neno.* Yeye alikuwa ameijibu mvua. Mzee alikuwa ameuliza migomba. Neno lilikuwa lile lile, halikubadilika hata herufi.

Jumapili alipanda gari la kwanza. Njia ilikuwa imeharibika, wakashuka mara mbili kusukuma. Alipofika, ibada ilikuwa imekwisha na watu wamezunguka uwanja wa kanisa kwenye mnada wa sadaka: mayai, maharage, kuku aliyefungwa miguu. Melkizedeki, mnadishaji, alikuwa ameinua mkungu mnene wa ndizi.

"Mkungu wa mzee Tumainieli! Nani anaongeza? Kaka, shemeji zako wanakuangalia, ongeza!"

Watu walipomwona Careen walimpisha, wengine wakampiga-piga mgongoni. Mama mmoja akamwekea parachichi kwenye mkoba bila kuuliza. Kila mkono uliomgusa ulimchoma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Umekuja kusali nasi? Umechelewa, mahubiri yamekupita."

"Naomba tuzungumze pembeni, baba."

Walikwenda nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji. Careen alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini yalitoka mawili matatu tu.

"Baba, migomba ina ugonjwa."

"Ipi?"

"Yako. Yote niliyopima."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. "Ulisema haina neno."

"Nilikuwa najibu kuhusu mvua, baba. Ulisema nimeteseka, nami nikasema…"

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo, baba."

"Mara mbili. Ukasema, kabisa."

Machozi yakamtoka Careen. Mzee hakumbembeleza wala kumkaripia. Aliegemea tangi, mkono mmoja juu ya bati, akaonekana mfupi ghafla. Kisha akavaa kofia.

"Mimi nimepita nyumba kumi na moja nikilitaja jina lako," alisema. "Siwezi kupita tena peke yangu. Twende."

Akamsimamisha katikati ya uwanja, pale pale penye kuku na mayai. Careen alianza kusema kwa sauti ya kunong'ona.

"Sauti, binti!" Melkizedeki akapaza. "Nyie wa Hedaru mnakimbiza mabasi kwa kelele mchana kutwa, leo hiyo sauti umeiacha stendi?"

Wakacheka. Akawaacha wacheke, kwa sababu alijua ni kicheko cha mwisho cha siku hiyo. Kisha akasema. Alisema kwamba migomba ya mzee ina kuvu wa mnyauko, kwamba machipukizi yote yang'olewe leo pamoja na udongo unaoshika mizizi, na kwamba kosa ni lake.

Melkizedeki aliushusha mkungu chini polepole, kama unaoweza kuvunjika.

"Na hizi ndizi?" aliuliza.

"Zinalika. Hazimdhuru mtu. Ni mti na udongo."

Mzee Tumainieli alitangulia na jembe akiwa bado na koti lake la kanisani. Machipukizi yalikuwa yametoka arobaini na matatu. Waliyarudisha kwenye magunia na kuyazika kwenye shimo shambani kwake mwenyewe, kwa kuwa udongo wa pale ulikuwa umeshaharibika. Careen aliyahesabu gunia kwa gunia. Yalirudi arobaini na mawili.

"Langu moja lilioza," Blandina alisema, akitazama kando. "Nililitupa korongoni."

Careen alimtazama mama huyo aliyempa makande, aliyempigia simu kumbariki. Alijua: chipukizi haliozi kwa usiku mmoja. Swali lilimjia hadi kwenye meno, akalimeza. Angemwitaje muongo mbele ya watu, siku ile, yeye?

Mwezi uliofuata mzee Tumainieli aliifyeka migomba yake yote. Hakuna aliyemwomba. Jumapili alikaa kiti cha nyuma kabisa, na alipoombwa kuongoza sala alitikisa kichwa.

Novemba, mvua za vuli zilipoanza, Careen alitumwa kupima upya mashamba ya bondeni. Kwa Blandina alipitia njia ya nyuma, na pale, kati ya jiko na ukuta wa majani ya miwa, aliuona. Mgomba mmoja, umempita kimo, majani mapana yanang'aa.

Blandina alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Wakatazamana. Hakuna aliyejifanya kushangaa.

"Ulikuwa mzuri kuliko mingine," Blandina alisema. "Nilishindwa."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Basi pima."

Careen aliponda jani, akachuja, akadondosha. Blandina alichungulia simu begani kwake, pumzi yake yenye harufu ya moshi ikimgusa sikioni. Mstari ulitambaa, ukalala, ukatambaa tena. Kisha ukaanza kuinuka. Uliinuka mrefu kuliko yote aliyowahi kuiona Careen shambani, ukasimama katikati ya kioo.

"Hicho ndicho kilima?"

"Ndicho."

"Lakini jani bichi hivi! Labda mvua, labda baridi, mlisema baridi huwa inakidanganya kifaa…"

Maneno mepesi yalikuwa yamejipanga mdomoni mwa Careen: labda turudie, tutaona, usijali. Akayaacha yapite. Aligeuka ili mama amwone uso.

"Mama Jenifer, mgomba huu una sumu ya mnyauko. Mgonjwa. Na udongo huu umeshaingiwa na kuvu. Usipande mgomba hapa tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jenifer awe bibi."

Ndani, Jenifer alikuwa akisoma kwa sauti kitabu cha darasa la pili, akirudia sentensi moja.

"Ungesema hivi Alhamisi ile," mama alisema. Hakukuwa na hasira sautini, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Akachukua panga ukutani. Careen alishika mgomba usije ukaangukia bati la jiko, na mama akakata mara tatu, chini kabisa. Ulipoanguka, walichungulia kisiki. Katikati ya weupe kulikuwa na duara la rangi ya chai nzito. Hapakuhitajika kikadi wala simu.

Maji ya mgomba yaliwatiririkia miguuni. Careen akasema yaliyobaki kusemwa, kama alivyofundishwa.

"Panga ulipitishe motoni, mama. Lisiguse mgomba mwingine kabla ya hapo."

Blandina alilitazama panga, kisha akatazama ua, ukuta wa miwa, na lile kovu jekundu la udongo bondeni.

"Mgomba gani mwingine?" akauliza.