Riale za Bibi Hazipandi Mizani

Usiku wa jana niliota riale za marehemu bibi zimeamka kabla yangu. Zimekaa ukingoni mwa kitanda, zote tano, zimejipanga kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa dirishani.

"Tuko tayari," ikasema moja. "Leo si ndiyo siku ya kuthaminiwa?"

Nikaiambia ndiyo. Sikushangaa. Ndotoni mtu hushangaa mambo madogo tu. Mimi nilishangaa kuona mlango wetu umepakwa rangi.

Niseme kwanza jambo lenyewe, maana hili si la ndotoni. Bibi Mwanashehe aliniachia riale tano za fedha, zile nzito za zamani, upande mmoja mama mwenye mtandio, upande wa pili ndege mwenye vichwa viwili. Mjomba Ngwada ameshazungumza na Mzee Tindwa, mfanyabiashara wa Kilwa Masoko, aje na mizani yake azinunue kwa uzito, kisha akaziyeyushe kutengeneza pete. Riale ni zangu, lakini mjomba ndiye mwanamume wa nyumba, na mdomo wake hutangulia kufika kila mahali. Mimi nataka mashine ya kukunia nazi, niiweke pale sokoni Kivinje. Kwa bei ya Mzee Tindwa sipati mashine. Napata mbuzi mpya ya kukunia, na chenji ya chumvi. Na riale ikishayeyushwa hairudi kuwa riale, hata uililie.

Basi ndotoni naingia jikoni, nachukua majivu na kipande cha ndimu. Nataka zing'ae. Kwetu ndivyo tunavyofanya mgeni akitarajiwa: sufuria, sinia, hata kifuniko cha birika, vyote vinasuguliwa. Naikamata riale ya kwanza. Napitisha ndimu mara moja tu kwenye shavu la yule mama.

Pua inatoka. Inadondoka kwenye kanga yangu, ndogo kama punje ya mtama.

"Umeona sasa?" ikasema riale. "Weka chini hiyo ndimu, Somoe."

"Nilitaka upendeze."

"Mimi si sufuria. Huu weusi unaouona ni umri wangu. Ukinisugua unanipunguzia miaka, na miaka yangu ndiyo mali yangu. Rudisha pua."

Nikairudisha kwa mate. Ikashika, ila imepinda kidogo.

"Njoo uwaone wenzetu," ikasema.

Nikageuka kutafuta mahali pa kuweka ndimu, na jiko letu likawa wodi.

Vitanda viko pande zote, na kila kitanda kina sarafu iliyofunikwa shuka mpaka kidevuni. Lakini hazina videvu. Hazina macho wala ndege. Ni laini kama visahani vya chai.

"Hawa wamesuguliwa," ikaninong'oneza riale. "Huyu kwa mchanga wa pwani. Yule kwa dawa ya meno. Wa pale dirishani alisuguliwa na bibi harusi, kwa nia njema kabisa."

Yule wa dirishani akanigeukia. Nilijua amenigeukia kwa sababu shuka lilisogea.

"Samahani, dada. Hebu nitazame, mimi ni wa mwaka gani?"

Nikamtazama sana. "Sioni kitu, kaka."

"Hakuna anayeona. Juzi nimeuzwa pamoja na vijiko."

Nikamwekea shuka vizuri.

Mlango unafunguka, anaingia daktari. Ni yule ndege mwenye vichwa viwili. Amevaa koti jeupe lenye kola mbili, na kile kipimo cha kusikilizia moyo kimegawanywa, kila kichwa sikio moja.

"Shikamooni," nikasema, maana vichwa vilikuwa viwili.

"Marahaba," kikajibu cha kushoto. "Ukienda kwa mthamini mmoja tu, umesikia bei yake, hujasikia bei ya mali yako. Ndiyo maana sisi tumekuja wawili."

"Ili tusikubaliane," kikasema cha kulia.

"Hatuwezi kutokubaliana."

"Tunaweza."

Wakazilaza riale zangu kitandani, wakaanza kuzipima. Cha kushoto kinasema nzuri, cha kulia kinasema imechoka. Cha kushoto kinasema basi imechoka vizuri. Cha kulia kikafikiri, kikasema hilo sawa. Mambo yakaenda hivyo mpaka wakafika kwa ile ya mwisho, yenye tundu juu ya kichwa cha mama.

"Huyu ametobolewa," vikasema vyote.

"Nilitobolewa nikiwa kigori," ikajibu riale kwa maringo. "Nilikuwa shingoni mwa Mwanashehe siku aliyoolewa. Ninyi mmewahi kucheza ngoma kifuani kwa mtu?"



"Kwa mnunuzi," kikasema cha kulia, "tundu hilo linavujisha."

Nikainama, na kweli thamani ilikuwa inavuja, tone tone, inaingia kwenye nyufa za sakafu. Mhudumu akaja na dekio.

"Usideki," nikamwambia. "Na wewe, daktari, hii usiitaje bei. Hii haiuzwi. Itakaa shingoni mwangu."

Tone likakoma. Vichwa viwili vikatazamana kwa mara ya kwanza, na nadhani havikupendana.

"Huko ndiko kuthamini," vikasema kwa pamoja, kisha vikakasirika kwamba vimekubaliana.

Nikauliza mkubwa wa zile nne zilizobaki ni nani, maana zote zimeandikwa mwaka mmoja.

"Ni ukoo usiopenda kuzeeka," kikasema cha kushoto. "Hata aliyezaliwa baadaye sana huandikwa mwaka wa kaka yake. Kuandikwa si hoja. Tazama."

Nikatazama. Kutazama sikufundishwa shule, nimefundishwa na nazi. Muuza nazi akiitikisa sikioni mwake kabla ya kukupa, hiyo nunua. Akikupa huku anakuuliza habari za nyumbani, hiyo imeoza. Basi nikakaa kimya, nikaziacha riale zipige soga. Nikaona tatu zinaropoka, lakini ile nyeusi kuliko zote ikikohoa tu, zile tatu zinanyamaza na kusogea kuipa nafasi.

"Ni huyu."

Ndege akainamisha vichwa vyote viwili kwa heshima, vikagongana.

"Basi shika hili, Somoe," kikasema cha kulia huku kinajipapasa. "Mkubwa haguswi kabla ya kuamkiwa. Asiyemwamkia hana cha kununua kwake."

Nikamshukuru, nikafungua mlango wa wodi ili nitoke, nikatokea gulioni.

Ni mchana mweupe. Watu wamejaa. Katikati imesimama mizani kubwa kama goli la mpira, na chini yake amekaa Mzee Tindwa, kofia kichwani, mkoba wa fedha mapajani. Kwenye mfuko wa shati lake anachungulia Mjomba Ngwada, mdogo kama kalamu.

"Uza, Somoe," akasema mjomba.

"Mjomba, umefikaje humo?"

"Kuna nafasi. Uza."

Mzee Tindwa akapiga sahani ya mizani kwa kiganja. "Haya, zipandishe. Kilo ni kilo."

Nikaziweka riale zile nne chini, mbele ya mizani. Hazikusogea. Ile nyeusi ikakohoa.

"Hatupandi," ikasema. "Hajatuamkia."

Mzee Tindwa akacheka mpaka mjomba akatikisika mfukoni. "Mimi? Mimi nina wajukuu! Leo nikiamkie kipande cha bati?"

Mama muuza dagaa akawafunika dagaa wake kanga, wasisikie.

Pembeni palikuwa na mnazi, na chini ya mnazi alikuwa amekaa mtu mfupi mwenye kaptura, kamba ya kukwelea begani. Akasimama, akajikung'uta.

"Wewe nani?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye Bei. Nimekaa hapa chini tangu asubuhi kwa sababu mjomba wako aliniomba nikae. Lakini kuitwa bei ya bati, hapana." Akafunga kamba miguuni, akaukumbatia mnazi, akaanza kukwea.

"Shuka wewe!" Mzee Tindwa akapiga kelele.

"Nikishuka utaniambia nini? Hata salamu huna."

"Mshenzi we!"

Bei akapanda hatua nyingine.

Mzee Tindwa akaona ukali unamtia hasara. Akanigeukia mimi, sauti imelainika kama uji. "Binti yangu. Mwanangu. Achana na hivi vikongwe. Mwenye mali ni wewe." Akafungua mkoba, noti zikachungulia, zikanikonyeza. "Chukua leo leo. Kesho fedha hii itakuwa bure kabisa."

"Kama kesho itakuwa bure, mzee, leo unaitakia nini?"

"Ewaa!" likajibu gulio.

"Usimjibu mgeni!" mjomba akafoka kutoka mfukoni.

"Mjibu!" akasema mama wa dagaa. "Na huyo aliye mfukoni atoke kwanza ndiyo aseme!"

Nakiri noti zile zilikuwa nzuri. Moja ilikuwa inaniita kwa jina. Lakini nikakumbuka waliolala wodini bila sura, nikavuta mbuzi yangu ya kukunia, nikakaa, nikaanza kukuna nazi.

"Unafanya nini?" akauliza Mzee Tindwa.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Sina haraka."

Nakuna. Chicha inajaa bakuli, inamwagika, inanifika magotini. Bei anapanda. Mnazi nao unarefuka ili asiishiwe. Mzee Tindwa anamtazama, anamtazama, mpaka kofia inamdondoka kwa nyuma.

Ndipo wakaanza kuingia wanunuzi wengine. Habari ilikuwa imewafikia, sijui kwa njia gani. Wa kwanza ni mama mmoja mwenye miwani mizito, ametoka mbali, miguu ina vumbi. Alipofika langoni tu akavua viatu.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema, kutoka kule kule.

"Marahaba!" riale zote zikaitika, na ile nyeusi ikasogea ubavu mzima kumwelekea.

Mzee Tindwa akaruka. "Ngojeni! Ngojeni! Wa kwanza kufika ni mimi!"

"Kufika umefika," ikasema riale nyeusi. "Kuingia ndiyo bado."

Akatazama huku na huku. Akatazama mizani yake. Mizani yenyewe ilikuwa imeshapiga magoti.

Akapiga magoti na yeye.

"Shikamooni," akasema, ndani ya ndevu.

"Hatukusikia. Sisi ni wazee."

"Shikamooni, wazee wangu!"

"Marahaba, mjukuu wetu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mgongo wako je, bado unakusumbua?"

"Unasumbua kidogo," akasema Mzee Tindwa, na machozi yakamlengalenga, maana inaelekea hakuna aliyewahi kumwuliza.

Vigelegele vikapigwa gulioni, sijapata kusikia vya namna ile. Dagaa wakafunuliwa. Mjomba akatoka mfukoni kwa kuteremkia kifungo kimoja kimoja, akasimama mchangani na udogo wake, akasema, "Shikamooni." Kisha, alipoona namtazama, akaongeza, "Hata wewe, Somoe, hujambo?"

"Sijambo, mjomba."

Sauti ikaja kutoka juu, mbali sana, juu ya makuti, juu ya kunguru.

"Somoe! Naona Kisiwani! Naona mpaka Mafia! Nishuke?"

Nikaweka viganja mdomoni, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Kaa huko huko!"

Kwa kelele hiyo nikajiamsha.

Kumekucha. Mlango unagongwa, na mlango hauna rangi. Mjomba yuko barazani, ukubwa wake wa kawaida, na Mzee Tindwa kando yake, mizani ndani ya mfuko wa rambo.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Zilete hizo riale," akasema mjomba. "Mzee ana safari."

Ile yenye tundu nikaitia uzi, nikaivaa. Zile nne nikaziviringisha kwenye kanga, nikatoka nazo, nikazitandaza mkekani.

"Hata hukuzisugua?" mjomba akang'aka. "Nyeusi hivi, mbele ya mgeni? Aibu gani hii, Somoe?"

"Hazisuguliwi, mjomba. Wala hazipandi mizani. Bei tutaizungumza, na mnunuzi mwingine atakayefuata naye tutamsikiliza, ndipo niuze."

Mjomba akafungua kinywa. Nilijua kinachokuja, nikajikaza. Lakini Mzee Tindwa alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua ile nyeusi kuliko zote, na mkono ukasimama hewani. Akaurudisha. Akavua kofia, akaishika kifuani.

"Shikamooni," akasema, polepole, akiutazama mkeka.

"Marahaba," akaitika mjomba, kisha akashtuka, maana Mzee Tindwa ni rika la baba yake. "Ah! Mzee, unamwamkia nani?"

"Nimekohoa," akasema Mzee Tindwa.

Nikavuta kigoda, nikakaa.

Mzee Tindwa akausukuma mfuko wa mizani nyuma ya mgongo wake. Halafu akageuza uso nje, kwenye mnazi wa jirani, akaupandisha macho taratibu kuanzia shinani, yakapanda, yakapanda, akakunja shingo mpaka koo likaonekana, akameza mate.

"Haya, binti," akasema, bila kushusha macho. "Taja wewe."