Bidoni ya Mama Mkwe

Ufukweni Kasenga wananiita Bwana Klore, maana hakuna bidoni ya maji inayotoka ziwani kabla sijaitilia dawa ya klore kwa sindano. Nina mdomo, sikatai. Mchungaji mmoja alidai maji yake yameshaombewa. Nikamwambia amina, lete bidoni. Kolera haipigi hodi.

Bidoni moja tu ilinishinda, ile ya njano ya mama mkwe wangu, Kankindi. Kwetu mwanamume hamzuii mama mkwe njiani wala hamtazami usoni, sembuse kumfokea mbele ya watu. Kila asubuhi nikimwona anateremka nilimpisha, nikageukia milima. Naye alijitanda kitenge, akateka, akapanda zake.

Mwenzangu Achille alinicheka. "Bwana Klore, weye muoga? Nimutilie miye?"

"Achana naye," nikamjibu. Niliona haya hata kumtuma mtu. Nikajiambia mama atachemsha, na huku nilijua makaa yake hayatoshi hata kusonga ugali.

Siku ya Jumanne mama alianza kuharisha alfajiri. Mke wangu, Mapendo, alimkimbiza kwa pikipiki hadi kituo cha kolera. Nilipofika saa tisa mchana, alikuwa ameshakata roho.

Mapendo aliniuliza palepale uani. "Baba Shalom, bidoni ya mama ulikuwa unaitiliaka dawa?"

Mimi na mdomo wangu wote ule, nikageukia milima.

"Nilikuwa namuheshimia mama," nikasema.

"Heshima," alisema, akakaa chini kwenye changarawe. Sikuthubutu kumgusa.

Maiti ya kolera haioshwi na ndugu. Hunyunyiziwa klore na mtu wa kazi, na siku hiyo mtu wa kazi alikuwa mimi, kwa kuwa Achille alikuwa ametumwa Runingu. Nikavaa buti na glavu, nikabeba bomba la dawa mgongoni, nikaingia alipolazwa.

Ndipo nilipomtazama mama mkwe usoni kwa mara ya kwanza. Kumbe pua ya Mapendo ni yake. Nililia ndani ya barakoa, kwa aibu kuliko kwa huzuni, nikanyunyiza kuanzia miguuni kama tulivyofundishwa.

Nilipofika kifuani nilimsikia Mapendo mlangoni, nyuma yangu. Hakupaza sauti.

"Leo ndo unamutilia dawa?"