Poda ya Alhamisi

Rachida alikuwa akimwaga unga wa mbao kwenye ngazi za jengo la zamani aliposikia vigelegele kutoka ukumbi mpya, akatabasamu peke yake. Mtoto wa watu amefaulu. Pale chuoni, mtu akimaliza kutetea kazi yake ya mwisho mbele ya walimu, ndugu zake humngojea mlangoni na makopo ya poda, ile ya kupaka watoto wachanga, wakammwagia kichwani mpaka abaki macho tu. Furaha ni yao, kufagia ni kwa Rachida. Poda ukiifagia kavu inaruka juu na kurudi kukukalia wewe. Sharti uitupie kwanza unga wa mbao uliolowa maji, uiache itulie, ndipo uisukume taratibu. Miaka yote alifagia furaha za watu namna hiyo wala hakununa, maana zamu yake ilikuwa njiani.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na zamu yake ni Jumamosi. Bilali mwenyewe alimwambia, "Mama, iko samedi."

Rachida hakumzaa Bilali mwenyewe. Alizaliwa na dada yake, aliyefia Ubundu, na Rachida akaenda kumchukua mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Siku hizo, huku ng'ambo ya mto Tshopo, palikuwa na mihogo tu, na shamba moja lilikuwa lake. Kisha chuo kikaanza kukua. Kilivuka daraja, kikala shamba hili, kikala na lile. Wakubwa walikuja, wakaketi kwenye viti vya plastiki, wakasema msilie, chuo hiki ni cha watoto wenu. Wengine waliwatukana. Rachida alimtazama Bilali, wakati huo yuko darasa la sita, akakubali. Shamba lake likawa ukumbi mpya, naye akapewa ufagio. Hakuona kwamba amepoteza kitu. Alichokitoa kingemrudia siku ambayo Bilali angetokea kwenye mlango ule, na yeye akammwagia poda kwa mkono wake.

Kopo lilikuwa tayari sandukuni, limeviringishwa ndani ya kitenge kipya. Mtaa mzima ulijua. Aïcha, jirani yake, aliahidi kwenda naye kupiga vigelegele mpaka maprofesa wazibe masikio.

"Mama Rachida!" Papa Moïse, msimamizi wa wafagizi, alikuwa anamwita kutoka chini ya ngazi. "Chantal iko mugonjwa. Enda utusaidie kule auditoire mupya. Banamaliza défense, poda iko kila fasi."

"Batoto ba leo banafaulu sana, papa."

"Wee acha tu. Ni miye nitasemewa kama kunabakia buchafu."

Akachukua ndoo yake ya unga wa mbao na ufagio, akaenda.

Mlango wa ukumbi ulikuwa umejaa watu waliopendeza, marashi yao yakimfikia tangu mbali. Katikati yao alisimama kijana mweupe kuanzia nywele hadi viatu, anakohoa na kucheka. Rachida akafanya kama alivyomfanyia kila mtoto wa watu: akatua ndoo, akapiga kigelegele kirefu. Watu wakageuka, wakamshangilia.

"Merci, mama!" mmoja akasema.

Kijana akajifuta macho.

Macho hayo Rachida aliyajua. Na shati lile alikuwa amelipiga pasi ya makaa asubuhi ile ile, Bilali akimwambia kwamba anakwenda kumsikiliza rafiki yake. Furaha ndiyo iliyomjia kwanza, kwa kuwa moyo ni mjinga. Alidhani siku imebadilishwa ghafla na mtoto akakosa namna ya kumpasha habari. Akapiga hatua mbele, mikono wazi.

Bilali akatazama pembeni.

Kando yake alisimama mwanamke wa makamo aliyevaa lesi ya bluu, kopo tupu la poda mkononi. "Alors, mama ya Bilali akuje karibu!" mpiga picha akaita. Mwanamke wa lesi akasogea, akaweka mkono begani mwa Bilali, na Bilali akaacha uwekwe. Alitabasamu kwenye picha. Rachida akabaki na mikono yake, hajui aiweke wapi, mwishowe akaushika ufagio.

Kisha akamsikia, sauti ile ile iliyokuwa ikimwita kutoka kitandani siku za homa.

"Grâce, patia ule mama sucré."

Grâce alikuwa msichana mzuri mwenye adabu, na alikuwa na sura ya yule mwanamke wa lesi. Basi msichana huyu ndiye mchumba wa Bilali wa kule Makiso, mjini, ambaye Rachida alikuwa akiahidiwa kuonyeshwa kila mwezi. Alikuja na chupa ya soda, akaitoa kwa mikono miwili.

"Shika, mama. Utusamehe, tunakuchafulia kazi. Unamujua Bilali?"

Rachida alimtazama Bilali juu ya bega la msichana. Poda ilikuwa imejaa kwenye nyusi zake, na chini ya nyusi macho yalikuwa yanamwomba.

"Mi nafagia tu hapa," akasema.

Wakaondoka. Milango ya magari ikafungwa moja baada ya nyingine.

Basi akafagia. Hakugusa unga wa mbao. Alifagia kavu, kwa nguvu, akitoka ukutani hadi ukutani, na poda ikaruka ikamwingia puani na machoni, akapiga chafya, akalia, akaendelea kufagia. Shamba alilitoa akijua analitoa. Siku hii mtoto alimnyang'anya, akampa na soda juu yake. Kama angemwambia naona haya kwa ajili yako, mama, baki nyumbani, pengine angebaki. Angelia na angebaki. Lakini alimdanganya huku akingojea shati lipoe kutoka kwenye pasi.

Alitoka bila kumuaga Papa Moïse, chupa mkononi, haijafunguliwa. Kwenye kituo cha pikipiki madereva wakamwona wakaanza kupiga honi.

"Félicitations, mama! Mutoto anamaliza!"

Hapo ndipo alipojitazama. Mikono, kitenge, kilemba, vyote vilikuwa vyeupe.

Aïcha alikuwa anachekecha unga wa mihogo barazani. Chekeche ikamtoka mkononi. "Kumbe iko leo! Mama Rachida, na haukusema!" Kigelegele chake kikaita wanawake wa uani kote, wakaja na vifuniko vya sufuria, wakamzunguka. "Ulimumwangia poda muzuri? Alilia?"

Rachida akafungua kinywa. Yote yalikuwa pale kwenye ulimi, lesi, picha, soda.

"Anafaulu," akasema.

Wakacheza. Walipochoka, Aïcha akamletea beseni la maji. "Nawa uso, mama. Utatishia batoto."

"Acha."

"Hata macho tu?"

"Acha, Aïcha. Napenda hivi."

Akatoa kiti nje, akakielekeza njiani, akakaa. Chupa aliiweka chini karibu na mguu wake. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa mto wakati Bilali alipokata kona. Alikuwa ameoga. Nywele zilimeta kwa maji, na shati lilikuwa jipya, la mtu mwingine. Alikuja akipiga mluzi, kama mtu aliyebakiwa na siku mbili za kutafuta la kusema.

Wanawake walimwona kabla yeye hajawaona. Vifuniko vikaanza tena.

"Bilali! Mutoto yetu!" Aïcha akapaza sauti. "Kuja, kuja haraka! Mama yako huyu hapa!"

Mluzi ukakatika. Akasimama katikati ya njia, mkono mmoja umepanda wenyewe nyuma ya sikio kutafuta poda iliyobaki. Rachida akamtazama, mweupe kuanzia kilemba mpaka vidole vya miguu, wala hakujipangusa.