Kasi ya Arobaini na Tano

Nilirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kugonga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ya chakula cha mchana, na mimi niliigonga saa nne asubuhi. Wasichana mia nne wakajipanga mbele ya jiko na sahani zao, walimu watano wakiwemo, na mpishi mkuu akaketi juu ya gunia akasema kazi hii basi. Barua ya shule ilieleza kwamba nimeonyesha "tabia isiyolingana na hadhi ya taasisi". Niliisoma mara mbili kwa heshima zote. Iliandikwa vizuri.

Mama aliisoma bila kuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani yake, kisha akampa baba. Baba naye akasoma hadi mwisho, akairudisha ndani ya bahasha.

"Mchana nitakaa naye mimi," mama akasema. "Jioni ni wako. Na akae kwenye kiti, atulie, asikilize hayo madude yako. Hiyo ndiyo adhabu."

"Sawa," baba akasema. Mwaka huo baba alisema sawa kwa kila kitu.

Baba ni fundi bodi. Kwa miaka ishirini na sita ananyoosha magari yaliyobondeka, milango, boneti, mabawa ya mbele, nyundo mkono mmoja na kipande cha chuma upande wa pili wa bati, anagonga mpaka bati likubali. Saa kumi na moja jioni huingia na vumbi la msasa kwenye nyusi, hunawa mikono mpaka kwenye viwiko, huanguka kwenye kiti chake kama mzigo uliofika, halafu huweka santuri yake. Ni moja tu. Aliinunua kabla hajamwoa mama, na kwa sababu hiyo mama huiita mke mwenza. "Mke mwenzangu ameshaamka?" huuliza akisikia sindano ikikwaruza. Hata sauti aliiwekea mpaka: mstari wa rangi ya kucha kwenye kitufe, na anayeuvuka anakula nje.

Kwenye jalada kuna wanaume wawili waliovaa suti, mmoja ameshika tarumbeta, mwingine saksafoni, wote wana nyuso za watu waliofika kwenye harusi ya tatu siku hiyo hiyo. Muziki wao ni jazi ya bebop, yaani watu wawili wenye haraka ya kufika mahali ambapo hakuna anayepakumbuka. Siku ya kwanza nilihesabu vigae vya sakafu. Siku ya pili nikavihesabu tena, vikawa pungufu. Siku ya tatu nilisinzia, baba akanigusa goti: "Mama, usilale. Wanazungumza hawa."

Siku ya nne, kwa moyo mzito na baada ya tafakuri ndefu, niligeuza kiswichi cha mashine ya santuri. Kina namba mbili za kasi, thelathini na tatu na arobaini na tano. Santuri ya baba ni ya thelathini na tatu. Nikaiweka kwenye arobaini na tano.

Tarumbeta ikawa mbu. Saksafoni ikawa bata anayekimbizwa. Nilijiuma shavu kwa ndani nikingoja kofi, au angalau kicheko. Baba alikuwa ametulia, macho yake kwenye karatasi ya katikati ya santuri inavyozunguka, na mguu wake ukipiga zulia kwa mwendo ule ule wa jana na juzi. Upande ulipokwisha akapumua.

"Umemsikia mwenye tarumbeta pale mwisho? Hajawahi kuteleza pale."

Mzaha ukanifia mdomoni.

Kesho yake nilisimama nyuma ya kiti chake. "Baba, nimeolewa."

Hakugeuka. Nikapaza sauti kidogo.

"Sawa, mama."

"Mume mwenyewe ana wake sita."

"Sawa."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, nikamwambia baba hasikii. Alikuwa na pini mdomoni. "Baba yako amechoka," akasema kupitia pini. "Hata wewe ungechoka ungekuwa na mtoto kama wewe. Kengele haijakutosha, sasa unataka kumzushia baba ugonjwa?"

Ikabidi nikamwambie baba mwenyewe. Nilisimama mbele yake aone mdomo wangu, nikaungama habari ya kiswichi neno kwa neno. Uso wake ukaiva.

"Mimi? Mimi nasikia puti chini ya rangi! Bati zima ukiligonga linaimba, lililozibwa mabonde kwa puti linakohoa. Gari haliondoki pale gereji mpaka mimi niseme. Geuza unavyotaka hicho kiswichi. Mara tatu. Nitakuambia kila mara."

Akageuza kiti, akaukabili ukuta.

Mara ya kwanza niliweka thelathini na tatu. Akainamisha kichwa. "Thelathini na tatu!" Nikaenda kumgusa bega: amepata. Alicheka kama kijana.

Mara ya pili nikaacha hapo hapo. "Arobaini na tano," akasema haraka. "Nakujua wewe, huwezi kuacha kitu kilipo."

Hapo nikaelewa kwamba alikuwa ananisikiliza mimi, si santuri.

Mara ya tatu sikushusha sindano kabisa. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka akasirike, aseme mbona hujaweka. Chumba kilikuwa kimya, cherehani tu ndiyo iliyosikika kutoka chumba cha pili. Baba alisubiri. Kisha mguu wake ukaanza kupiga zulia, taratibu, ukashika mwendo.

"Thelathini na tatu," akasema.

Sikumgusa bega. Akageuka na ushindi wake usoni, akaiona sindano imelala kwenye kishikio chake.

"Tangu lini?" nikauliza, kwa sauti kubwa.

"Tarumbeta ilianza kuondoka mwaka juzi. Saksafoni imefuata."

"Mama anajua?"

"Mama yako anajua nimechoka." Akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Kule gereji fundi asiyesikia bati anapewa ufagio. Nami nimechoka kweli, mama. Kujifanya nasikia kunachosha kuliko nyundo." Akanyoosha kidole kwenye mashine. "Iweke. Uniambie wanafanya nini."

Nikaiweka kama inavyotakiwa, nikapiga magoti, mdomo sikioni mwake.

"Wanaanza pamoja! Wimbo mmoja, midomo miwili! Sasa saksafoni kabaki peke yake, anasema sana!"

"Huyo ndiye mwenye maneno. Na mwenzake?"

"Kanyamaza!"

"Anamngoja. Sikiliza vizuri."

Siku zote tano sikuwa nimesikiliza. Sasa nilisikiliza, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Saksafoni alipanda, akashuka, akafika mwisho wa pumzi, na pale pale tarumbeta akaingia kwenye noti ile ile, kama mtu anayepokea mzigo begani kwa mwenzake bila kuuacha uguse chini.

"Kampokea!" nikapiga kelele. "Baba, kampokea bila kuacha nafasi!"

"Eeh," akasema, amefumba macho. "Hapo."

Mama alitokea mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni. "Mnagombana?"

Baba alifumbua macho, akamtazama mdomo. "Sisikii, mke wangu."

"Husikii nini?"

Akanigeukia mimi. Nikamrudishia swali, sikioni.

"Karibu vyote," akasema.

Mama aliegemea fremu ya mlango. Alisema mengi, haraka, mwanzo kwa ukali, halafu kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa mteja wala kwangu.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Jumatatu mnakwenda hospitali. Gereji atakwenda kuzungumza nao yeye."

"Na hayo mengine?"

"Hayo atakuambia mwenyewe. Mimi koo limekauka."

Mama akavuta kigoda mpaka kikagusa goti la baba, akakaa, akamshika sikio na kulielekeza kwake.