Ombati Adai Mshahara

Barua ya kufutwa kazi Ombati aliipokea akicheka. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kondakta wa kampuni ya mabasi mjini Kisii. Mwaka huo wa 1973 serikali ikaruhusu magari madogo, yale matatu, kubeba abiria bila leseni. Kufumba na kufumbua, kila mwenye pikapu akawa na basi lake! Kampuni ikapunguza mishahara, kisha ikapunguza watu. Ombati hakujali: kila gari jipya lilihitaji kondakta.

Juma lile lile akachukuliwa na Abdirashid, muuza nguo aliyenunua gari kuukuu aina ya Pijo, akaliendesha mwenyewe kubeba abiria wa Keroka. Malipo yalikuwa kwa safari, na kwa siku tatu Ombati alishika pesa za nusu mwezi. Akalewa furaha, yeye Msabato asiyejua ladha ya pombe.

"Na ukigonjeka?" mkewe Persis akamuuliza. "Nani atakulipa?"

"Wee mama, mimi sigonjeki!"

Ijumaa, Abdirashid alichelewa kutoka msikitini, na gari likachelewa kujaa. Walipokaribia Kisii wakirudi, Ombati alinyoosha mkono kukusanya nauli, akaona jua linazama. Akaurudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Simamisha, Bwana Abdi. Sabato imeingia. Siwezi kushika pesa."

Akashuka. Abiria wakatazamana. Karibu wote walikuwa wa kanisa lake, nao wakashuka, wakashika njia kwa miguu wakiimba. Garini akabaki Mkatoliki mmoja na jogoo wake.

Ombati aliimba kuwashinda wote, lakini moyoni aliogopa. Kazi isiyo na barua ya kuajiriwa haingojei barua ya kufutwa.

Jumapili asubuhi akaenda dukani kwa Abdirashid kufukuzwa. Akakuta foleni mlangoni: abiria wa Ijumaa, kila mmoja na nauli yake mkononi.

"Wallahi," Abdirashid akasema, "mimi nilikawia msikitini, wewe ukawahi Sabato. Gari hii ina dini mingi kuliko magurudumu! Lakini hawa watu ni wako. Ukihamia gari ingine, watakufuata. Nikuongeze ngapi kwa safari?"

Ombati akamkumbuka Persis.

"Usiongeze. Nipe mshahara, mwisho wa mwezi. Hata nikigonjeka."

"Matatu gani inalipa mshahara?"

"Hii."

Foleni nzima ikapiga vigelegele. Abdirashid akacheka mpaka akaketi juu ya robota la nguo, kisha akauliza mwezi huu una siku ngapi.